T-11 (mwavuli wa kijeshi)

T-11 ni mwavuli wa askari wa miavuli wa Jeshi la Marekani, ulionunuliwa kuchukua nafasi ya T-10, uliotumika tangu miaka ya 1950. Sababu kubwa ya ununuzi huo ni uzito: silaha, fulana za kuzuia risasi na redio zilimfanya askari wa leo kuwa mzito kuliko yule ambaye T-10 ilibuniwa kwa ajili yake, na miguu na migongo ndiyo iliyoumia. T-11 hubeba hadi kilo 181 hivi. Kitambaa chake, chenye umbo la msalaba badala ya duara, hushusha mzigo huo kwa mita 5.8 hivi kwa sekunde. T-10 ilikaribia au kuzidi mita 7. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa nishati ya kishindo hukua kwa mraba wa kasi.

Mwavuli huu hufunguka polepole zaidi, bila mshtuko mkali. Hivyo mrukaji, baada ya kutoka mlangoni, huhesabu sekunde sita badala ya nne kabla ya kufikiria mwavuli wa akiba. Hata hivyo mwavuli huu ni mzito zaidi kubeba.