Hulka ya Mwanadamu: Ubishi wa Miaka 320

Mwanafalsafa Thomas Hobbes alizaliwa Uingereza mwaka 1588, wakati watu wakisubiri kwa hofu manowari za Hispania. Uzeeni aliandika kwamba mama yake alijifungua pacha: yeye na woga. Mwaka 1640, Bunge na Mfalme Charles wa Kwanza walipokuwa wakivutana, alikimbilia Paris na kukaa huko miaka 11. Nyuma yake nchi iliingia vitani, na Januari 1649 mfalme akakatwa kichwa hadharani.

Kitabu chake Leviathan, cha mwaka 1651, kinanuka vita hivyo. Hobbes anamwambia msomaji ajitazame mwenyewe: mbona akisafiri hubeba silaha, akilala hufunga mlango, na hata ndani ya nyumba yake hulitia kufuli sanduku? Waondoe askari na hakimu, anasema, na kila mtu atakuwa adui wa mwenzake. Kwa karne nyingi wanazuoni wa Ulaya walikuwa wamemfuata Aristotle, aliyefundisha kwamba binadamu ameumbwa kuishi na wenzake. Hobbes alilikana fundisho hilo, na dawa yake ikawa mtawala asiyepingwa. Mwaka 1683 Chuo Kikuu cha Oxford, alikosoma, kilikichoma moto kitabu hicho.

Baada yake mwanafalsafa John Locke alikuja na maneno ya upole zaidi: akili ya mtoto ni karatasi nyeupe, na maisha ndiyo yanayoiandika. Lakini Locke huyohuyo, aliyetetea uhuru na usawa wa watu wote, alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyofanya biashara ya watumwa wa Kiafrika. Hapa hatuna budi kusema wazi: mwanadamu aliyejadiliwa katika vitabu vile mara nyingi hakuwa kila mwanadamu. Na wanafalsafa waliofuata hawakuweza kusingizia kwamba hapakuwa na ushahidi wa akili ya Mwafrika. Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Ghana ya leo, alitetea tasnifu kuhusu akili ya binadamu huko Wittenberg, Ujerumani, mwaka 1734, kisha akafundisha falsafa Halle na Jena.

Mwaka 1749 mwandishi Jean-Jacques Rousseau alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Paris kwenda Vincennes, kumwona rafiki yake Diderot aliyekuwa kifungoni. Mkononi alikuwa na gazeti. Akakuta swali la shindano la insha kutoka Dijon: je, sayansi na sanaa zimetakasa maadili? Alisimulia baadaye kwamba alikaa chini ya mti, na alipoinuka akakuta kizibao chake kimelowa machozi. Jibu lake lilimpa ushindi, na mwaka 1755 akalipanua: binadamu wa mwanzo hakuwa mbaya, mali na majivuno ndivyo vilivyomharibu. Hobbes, kwa maoni yake, alimtazama mtu aliyekwisha kuharibiwa na jamii akadhani ndivyo alivyoumbwa. Hoja hiyo bado ina makali.

Karne ya 19 ilimwondolea binadamu kiti chake cha pekee. Marx alisema kiini chake ni mahusiano ya kijamii anamoishi; Darwin, mwaka 1871, akamweka katika ukoo mmoja na wanyama. Kisha Oktoba 1945, Paris ikiwa imetoka tu mikononi mwa Wanazi, mwanafalsafa Jean-Paul Sartre aliuambia ukumbi uliofurika kwamba hulka ya mwanadamu haipo kabisa. Mtu huwapo kwanza, kisha hujijenga kwa anayoyachagua, na huwajibika kwayo. Kwa watu waliotoka kuona nani alishirikiana na adui na nani alikataa, hilo halikuwa fumbo la darasani.

Novemba 1971, mwanaisimu Noam Chomsky na mwanafalsafa Michel Foucault walikutana Eindhoven, Uholanzi, mbele ya kamera za televisheni. Chomsky, akizungumza Kiingereza, alishikilia kwamba uwezo wa mtoto kujifunza lugha unaonyesha kuna kitu tunachozaliwa nacho. Foucault, kwa Kifaransa, alitilia shaka dhana yenyewe ya hulka: huenda imefinyangwa na mamlaka ya jamii zetu. Waliachana bila kukubaliana.

Kwa hiyo, msomaji, ukimsikia mwanasiasa akisema binadamu ndivyo alivyo, muulize anataka kukutawala vipi.