Misafara ya Pwani na Msamiati wa Jiji: Ushahidi wa Kawangware na Kibera

Wanaoandika juu ya Kiswahili cha Nairobi wamezoea kuanza na reli. Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899, ikaleta makuli, makarani, askari na walowezi. Na kutokana na mchanganyiko huo, husemwa, kilizuka Kiswahili cha bara ambacho kimepewa majina mengi ya kukidunisha. Maelezo hayo si ya uongo, bali hayakukamilika. Miaka mingi kabla ya gari la moshi la kwanza, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kupita katika nchi hiyo kwa miguu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno kadhaa yanayotumika kila siku Kawangware na Kibera yalitangulia jiji lenyewe, na kwamba maana zake za leo hazielezeki sawasawa pasipo kuirejea misafara.

Yafaa kwanza kuikumbuka jiografia ya mahali. Mitaa hiyo miwili imekaa pale ulipokuwa mpaka wa nchi mbili: upande mmoja msitu na mashamba ya Wakikuyu, upande wa pili mbuga za Wamaasai. Kusini magharibi palikuwa na kituo mashuhuri cha misafara kilichoitwa Ngongo Bagas. Jina hilo ni la Kimaasai lililogeuzwa na midomo ya wapita njia, na maana yake ni jicho, yaani chemchemi, ya Mbagathi. Mji wa Ngong umerithi nusu ya kwanza ya jina hilo, nayo nusu ya pili ingali inasikika katika barabara na hospitali ya Mbagathi, ukingoni mwa Kibera.

Misafara ya Pangani na Mombasa iliyofuata pembe za ndovu ilipiga kambi Ngongo Bagas kwa sababu ya chakula. Mbele yake ilikuwako safari ndefu ya kwenda Naivasha na Baringo, katika nchi ya wafugaji ambamo nafaka haikupatikana. Jumbe Kimemeta, tajiri wa pembe wa Pangani, aliijua njia hiyo kabla ya Wazungu. Joseph Thomson alipovuka nchi ya Wamaasai mwaka 1883, na Count Teleki alipofuata mwaka 1887, wote wawili walisafiri pamoja naye. Vitabu vya safari vimewapa wageni hao sifa ya uvumbuzi. Lakini lugha iliyouendesha msafara, kuanzia kufunga mizigo hadi kupatana bei ya kunde, ilikuwa ya Kimemeta na wapagazi wake.

Msafara ulikuwa jamii yenye vyeo na sheria zake, na kila jambo lilikuwa na neno lake. Kiongozi, au kirongozi kama walivyotamka wengi, alikuwa mjuzi wa njia aliyetangulia mbele ya mstari. Mnyapara, neno lililotoka kwa Wanyamwezi ambao kwao lilimtaja mzee mwenye mamlaka, alisimamia kundi la wapagazi. Askari alishika bunduki na kulinda kambi usiku. Posho ilikuwa chakula cha kila mtu, au nguo na shanga za kukinunulia. Hongo ilikuwa ada aliyolipwa mwenye nchi ili wageni wapite kwa amani. Ililipwa hadharani, kwa merikani, shanga na masango, baada ya mashauri marefu.

Utaratibu huo ulivunjika mwaka 1890. Mwezi wa Oktoba, Lugard, aliyekuwa mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alifika na msafara wake Dagoretti, nchi ambayo Kawangware ya leo imo ndani yake. Alichanjiana damu na Waiyaki wa Hinga, akajenga boma, kisha akaendelea na safari ya Uganda. Watu wa Kampuni walipoanza kujitwalia vyakula mashambani, undugu ukageuka uadui, na boma likahamwa mwaka 1891. Mwaka huo huo likajengwa jingine, Fort Smith, upande wa Kabete. Waiyaki alikamatwa huko mwaka 1892, akafa Kibwezi akiwa njiani kupelekwa pwani. Hapo ndipo maneno yalipoanza kubadilika hali. Aliyekuwa mgeni wa kulipa hongo amekuwa mwenye boma, na posho iliyonunuliwa sokoni imekuwa kitu cha kutwaliwa.

Safari hiyo hiyo ya Lugard ndiyo inayoiunganisha Dagoretti na Kibera. Akiwa magharibi mwa Uganda mwaka 1891, aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, askari wa Kisudani waliobaki baada ya kuondoka kwa Emin Pasha, akawaandika kazi. Wengi wao na wana wao wakaingia jeshi la K.A.R. lilipoundwa mwaka 1902. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari hao walianza kupewa makazi katika msitu walioutaja kwa Kinubi *kibra*, yaani msitu au pori; na baadaye eneo la ekari 4,197 likatangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Hivyo Kibera ilianza kama kambi ya watu waliokwisha kutembea nusu ya bara, wenye Kinubi nyumbani na Kiswahili barazani.

Wapagazi nao hawakutoweka mara moja. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwalazimisha wanaume wengi mno kubeba mizigo ya jeshi; kikosi chao, Carrier Corps, kimeacha jina la Kariokor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam. Msamiati wa msafara ukahamia mashambani, viwandani na magerezani. Mnyapara akawa msimamizi wa vibarua au mfungwa anayewasimamia wenzake. Posho ikawa unga wa mahindi aliopimiwa mfanyakazi. Askari akawa pia mlinzi wa lango la tajiri, kama wale watokao Kawangware jioni kwenda Lavington. Hongo ya mwenye nchi ikafa pamoja na njia. Ikabaki ile itolewayo kwa siri, yaani rushwa.

Huenda ikajibiwa kwamba maneno hayo ni ya Kiswahili chote, wala si mali ya Nairobi. Ni kweli. Lakini mtaala wa lugha hauishii katika kuorodhesha maneno. Hutazama pia nani aliyabeba, na kwa sharti gani. Mkaaji wa Kibera akisema “posho” au “mnyapara”, hasemi Kiswahili cha pwani kilichoharibika njiani. Anatumia urithi wa watu waliokijenga Kiswahili njiani, Wanyamwezi, Wazigua, Waswahili na Wasudani, ambao wengi wao hawakuandika hata barua moja. Kamusi zikiendelea kuuhesabu usemi huo kuwa upungufu wa sarufi, zitakuwa zimewafuta mara ya pili watu ambao vitabu vya safari viliwaita wapagazi tu, bila majina.