Manamba na Mzigo wa Moyo

Tunapochambua historia ya manamba, mara nyingi tunahesabu ujira na marobota ya mkonge, tukausahau moyo wa mkataji. Kuanzia 1944 Silabu, wakala wa wenye mashamba, iliwasomba wanaume kutoka Kigoma, Songea na Njombe hadi Tanga. Kipande kilidai siku 30 za kazi ndani ya siku 42. Aliyezidiwa na majonzi akashindwa kuamka, mnyapara alimwita mvivu.

Mzigo huo haukulingana kwa rika zote. Kijana alihesabu siku, akiwaza kodi na mahari. Mzee aliyelowea, nguvu zimekwisha na kwao kumesahaulika, alihofia kufa bila wa kumzika.

Je, ni nini kilichowashikilia? Si hisani ya bepari. Watani walizikana, ngoma ziliwakusanya, baadaye chama cha wafanyakazi kiligeuza uchungu wa kila mmoja kuwa dai la wote, kama mgomo wa Mazinde wa 1958 ulivyodhihirisha.

Kwa hiyo ustahimilivu si kipaji cha mtu binafsi, ni zao la umoja. Kada afikapo kwenye kambi ya vibarua aulize kwanza: mgeni hapa hujuliwa hali na nani?