Kozi ya Kina

Kijana wa kwetu anayekwenda Marekani kwa nia ya kusomea udaktari hutambua upesi kwamba tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia aliyoimaliza kidato cha sita haimfikishi moja kwa moja katika chuo cha tiba. Aghalabu humlazimu kwanza ahitimu shahada ya miaka 4, na ndani yake akamilishe biolojia, kemia na fizikia pamoja na kazi za maabara, ndipo aombe miaka 4 mingine ya udaktari wenyewe. Mkusanyo huo wa masharti, ambao peke yake si shahada, tuuite matayarisho ya utabibu.

Ndani ya matayarisho hayo hukuta kozi ileile ikitolewa kwa namna mbili, ya kawaida na ile waitayo "honors", na mfasiri mwenye haraka huiandika "kozi ya heshima". Tafsiri hiyo yapotosha, kwa kuwa shahada ya heshima kwetu ni ile atunukiwayo mtu mashuhuri asiyeketi darasani; na katika desturi ya Waingereza, ambayo baadhi ya vyuo vyetu viliirithi, neno hilo lahusu daraja la shahada nzima. Wamarekani wana njia yao: mwaka 1922 Frank Aydelotte, aliyepata kusoma Oxford, alianzisha katika chuo cha Swarthmore utaratibu wa wanafunzi wachache kusoma kwa semina ndogo na kutahiniwa na watahini wa nje, na hii leo vyuo vingi vina hata kozi moja moja za namna hiyo.

Tofauti yenyewe huonekana ubaoni. Katika kozi ya kawaida mwalimu huandika kanuni ya gesi, inayofungamanisha kanieneo, ujazo na halijoto, kisha wanafunzi huitumia kukokotoa. Katika ile ya pili huenda wakaamriwa kuizalisha kanuni hiyohiyo wenyewe, wakianzia kwenye molekuli zinazogonga kuta za chombo. Kinachozidi hapo ni kina, na kwa sababu hiyo naona "kozi ya kina" ndiyo istilahi ifaayo.

Je, mwenye kutaka utabibu aichukue? Mfumo wa pamoja wa maombi ulio chini ya Jumuiya ya Vyuo vya Tiba vya Marekani huihesabu A ya kozi ya kina kuwa 4.0, na A ya kozi ya kawaida kuwa 4.0 vilevile, na hukokotoa wastani wa pekee wa biolojia, kemia, fizikia na hisabati. B nayo hubaki B, ingawa ilipatikana kwa kukesha. Jina la kozi wasomaji wa maombi wataliona, lakini tarakimu haibadiliki. Faida ya hakika iko kwingine: darasa likiwa dogo mwalimu humjua mwanafunzi wake, na barua ya mapendekezo aiandikayo huwa na la kusema.

Kwa hiyo, ewe kijana, chukua kozi ya kina katika sayansi moja uipendayo kwa dhati, nyingine zisome kwa njia ya kawaida na uzisome vizuri, na kabla ya kujiandikisha mwendee mwalimu wa kozi hiyo, umwombe akuonyeshe mitihani aliyoitoa mwaka uliopita.