Koti la Sitaha

Sisi wa Tanga tukisema baridi tunakusudia kipupwe, ile miezi ya katikati ya mwaka ambapo mtu huongeza shuka la pili na kuoga maji ya moto akijihurumia. Nilipofika Chicago mwishoni mwa mwaka 1994 nilijikuta sina hata neno la kunisaidia. Upepo utokao Ziwa Michigan haumgusi mtu kwa nje. Huingia kwenye mikono ya nguo ukatafuta kwapa.

Koti langu la kwanza nililipata katika duka la nguo kuukuu, kwa dola 15. Nguo kama hizo nyumbani tuliziita kafa Ulaya, kwa kudhani kwamba mwenyewe kafa huko na jamaa zake wameliuza sanduku lake. Nililivaa bila kujiuliza mwenyewe alikuwa nani. Lilikuwa zito, la kijani cha zeituni kilichopauka, na kifuani zilipigwa chapa herufi tatu: USN, yaani jeshi la wanamaji la Marekani. Joto lake lilinishangaza mno. Nikaanza kulichunguza, na uchunguzi wa aina hiyo, wanaougua ugonjwa huu wanajua, huzaa koti la pili, kisha la tatu.

Jina lake rasmi ni N-1, nalo ni la miaka ya Vita Kuu ya Pili. Kabla yake mabaharia walikuwa na koti lililofungwa kwa vikulabu vya chuma. Haya ya N-1 yalianza yakiwa ya bluu nzito, baadaye yakawa ya kijani kama langu. Kitambaa cha nje ni pamba iliyofumwa kwa kubanana hadi ikatoa matuta membamba; Wamarekani walikiita kitambaa cha msituni, jina la ajabu kwa vazi la kwenye barafu. Bitana na ukosi ni manyoya ya alpaka, mnyama wa milima ya Peru na Bolivia. Zipu imefunikwa na ukanda wenye vifungo. Lakini ninachokipenda zaidi hakionekani: ndani ya kila mkono mmefichwa kikono kingine cha kufumwa, kinachobana kifundo ili upepo usipate njia. Aliyelibuni alijua vizuri upepo hupitia wapi.

Tena alikuwa na sababu. Tangu Agosti 1941 misafara ya meli ilikuwa ikipeleka silaha na chakula Urusi kwa njia ya kaskazini, hadi Murmansk na Arkhangelsk. Huko maji ya mawimbi huganda yakiruka. Barafu ikijaa juu meli hulemewa na kuweza kupinduka, hivyo watu waliivunja kwa mashoka na nyundo, usiku na mchana. Mtu wa jikoni au wa mitambo angeweza kujificha na upepo. Mtu wa sitahani hakuwa na pa kujificha. Ndiyo maana koti hili likaitwa kwa jina la mahali.

Hayo yote nilikuwa nimekwisha kuyajua, na kujivunia kuyajua, siku ile ya Januari 1996 nilipokuwa nasubiri basi upande wa kusini wa jiji. Mzee mmoja mweusi alikuwa ananitazama kwa muda. Akaniuliza, "Kijana, koti hilo ni la baba yako?"

Nikamwambia hapana, nimelinunua, mimi natoka Afrika. Nikaanza kumweleza habari za alpaka. Aliniachia nikamaliza.

"Nilikuwa wanamaji miaka sita," akasema. "Nilijiunga mwaka 1940. Koti letu sisi lilikuwa jeupe."

Sikumwelewa, ikabidi anifafanulie. Kwa takriban miaka kumi, hadi Juni 1942, kijana mweusi aliyejiunga na jeshi hilo alipokewa kwa kazi moja tu: kuwapikia maofisa, kuwaandalia meza, kuwatandikia vitanda. Juni hiyo mlango ukafunguliwa, wakaanza kufunzwa kazi nyingine za ubaharia katika kambi ya peke yao huko Great Lakes, kaskazini mwa Chicago. Kambi iliitwa Robert Smalls, jina la mtumwa aliyeiteka meli ya mabwana zake bandarini Charleston mwaka 1862 akakimbia nayo. Machi 1944 ikazinduliwa manowari USS Mason, ambayo mabaharia wake wapatao 160 walikuwa weusi. Oktoba mwaka huo, katika tufani ya Atlantiki, sitaha yake ilipasuka. Wakauchomelea ufa, wakarudi baharini kusaidia meli nyingine. Nahodha wao aliomba wapongezwe. Barua ya pongezi ilitoka mwaka 1995.

Mzee wangu mlango ulipofunguliwa alikuwa ndani tayari, na aliyekuwa jikoni alibaki jikoni. Aliwapelekea kahawa waliovaa makoti kama langu. Hakulalamika; alikuwa ananisimulia tu, macho yake yakiwa kwenye ukosi.

Nikalivua. Sijui nilipata wapi moyo, maana siku hiyo hata mate yaliganda. Alisita, kisha akanipa koti lake jepesi la nailoni, akavaa langu. Akalifunga vifungo vyote hadi shingoni, akasukuma viganja ndani mpaka vile vikono vya siri vikamkamata. Akavitazama.

"Kumbe humu ndani mna vingine," akasema.

Basi lake lilikuja kabla ya langu. Nilimwambia abaki nalo. Akatikisa kichwa, akalivua taratibu, akanirudishia likiwa na joto lake.