Sifa za Mungu Katika Miaka ya Moto na Njaa

Siku ya yubile watu hupenda kuhesabu makanisa yaliyojengwa. Sisi twataka kuikumbuka miaka ambayo makanisa yaligeuka majivu.

Julai 1905 Wamatumbi wa nyuma ya Kilwa waling'oa pamba ya serikali huko Nandete, na vita vya Maji Maji vikaanza. Askofu Cassian Spiss alikuwa akisafiri kutoka Kilwa kwa njia ya Liwale kwenda Peramiho. Tarehe 14 Agosti akauawa Mikukuyumbu, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Wiki mbili baadaye vita vikafika Nyangao; wamisionari wakakimbilia Lindi, naye Sista Walburga Diepolder akauawa. Nyangao na Lukuledi zikateketea.

Tusiwaite waliochoma mashetani. Walikuwa jamaa zetu, waliochoshwa na kodi na kazi ya lazima ya pamba, na machoni pao padre na bwana shauri walikuwa taifa moja. Mkristo wa siku zile akipiga magoti, aliwaombea maaskofu na mapadre hali ndugu wa tumbo moja naye yuko upande wa pili. Twaona hilo lilikuwa zito kuliko moto.

Padre akiondoka, Misa Takatifu imeondoka, na kitubio pia. Hubaki Rozari, litania, sala ya maziko, na ubatizo wa hatari, ambao hata asiye padre aweza kuutoa, mradi ana maji na maneno yake. (Nako upande wa pili watu waliyatumainia maji, kwamba yatazuia risasi.)

Kisha askari wa Wadachi wakachoma mashamba na ghala, na njaa iliyofuata ikaua wengi kuliko bunduki. Je, katika njaa mtu asifu nini? Zaburi kwa Kiebrania huitwa Sifa, walakini nyingi sana ni vilio: mwenye kuomba hunung'unika, huuliza mpaka lini, ndipo husifu, pengine kabla hajajibiwa. Basi alaye mizizi ya porini hakukosa sala ya kusali.

Mwaka 1906 kituo cha Ndanda kikaanzishwa. Vita Vikuu vya kwanza vikawaondoa tena wamisionari wa Kijerumani, na sala za Jumapili zikawa mikononi mwa walimu wa dini.