Wagiriki Nao Walikopa

Mwanafunzi wa fasihi akikutana na Hesiod, mara nyingi anapewa ukoo akariri: Chaos, Gaia, Ouranos, Kronos, Zeus. Anakariri, anamwaga kwenye mtihani, imeisha hiyo. Anabaki akiamini kwamba fasihi ya dunia ilianzia Ugiriki na sisi wengine tulifuata nyuma. Lakini huo ukoo una majirani.

Hesiod aliishi Askra, kijiji cha Boeotia, yapata mwaka wa 700 KK. Anasema mwenyewe alikuwa akichunga kondoo chini ya mlima Helikon pale miungu wa kike wa sanaa walipompa uimbaji. Yaani ni mtambaji, si msomi wa maktaba. Katika shairi lake, Theogonia, ukoo unaanza na Chaos. Leo tunasikia "vurugu", lakini kwa Kigiriki chake lilikuwa pengo, kitu kilichoachama. Ile maana ya fujo tunaipata kwa Ovid, Mrumi aliyeandika karibu miaka 700 baadaye.

Halafu familia inaanza kumalizana. Kronos anamkata babake, Mbingu, sehemu za siri kwa mundu. Akishika utawala, anameza watoto wake mmoja mmoja, mpaka mkewe Rhea anampa jiwe lililofungwa nguo za mtoto na kumficha Zeus, mwenye radi.

Sasa vuka bahari uende Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, kwenye Uturuki ya leo. Kuanzia 1906 wanaakiolojia walifukua huko maelfu ya vibao vya udongo. Kuna kisa kwenye vibao hivyo, cha karne nyingi kabla ya Hesiod, ambamo Kumarbi anamng'ata mungu wa mbingu sehemu za siri na kuzimeza. Tumboni mwake inaingia mimba ya mungu wa radi. Mbingu, mmezaji, radi: mpangilio ni ule ule. Na babake Hesiod, kwa maneno ya mwanawe, alihamia Askra kwa meli kutoka Kyme, pwani ya upande huo huo. Si lazima mzee ndiye aliyebeba hadithi. Inatosha kwamba njia ilikuwepo.

Hii si habari ya wazee wa mbali tu. Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ifutwe. Watu hukumbuka hilo neno "kufuta" tu. Swali lao lilikuwa la kitovu: kwa nini fasihi ya Afrika isomwe kama tawi la fasihi ya Ulaya?

Basi mweke Hesiod, Kumarbi na Gĩkũyũ na Mũmbi kwenye meza moja, uulize maswali yale yale. Nani anasimulia? Nani anafaidika? Theogonia inamkalisha Zeus kwenye kiti cha enzi. Kisa cha Mũmbi kinazipa koo jina na ardhi. Jomo Kenyatta alipokichapisha London mwaka wa 1938, mashamba ya Wakikuyu yalikuwa mikononi mwa walowezi. Hicho si kisasili cha kulalia watoto. Ni hati ya shamba.

Ukifundisha hivyo, Hesiod hapotezi chochote. Anapata tu majirani aliokuwa nao tangu mwanzo, na mwanafunzi anaacha kuona cha kwao kama nakala.